Kizingiti cha Kidato cha Kwanza: Lugha ya Mapendekezo ya Elimu na Maandalizi ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Tanzania

Utangulizi

Kila unapoanza mwaka mpya wa masomo, vyuo vikuu vya Tanzania hupokea vijana ambao, kwa vigezo vya mitihani, wamekwisha kuthibitika kuwa wako tayari kwa elimu ya juu. Wamefaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wa Kidato cha Nne na wa Kidato cha Sita, na wamepata alama zinazotakiwa katika masomo ya tahasusi zao. Hata hivyo, kabla muhula wa kwanza haujafika katikati, wahadhiri huanza kulalamika kwamba wengi wa vijana hao hawawezi kusoma peke yao sura moja ya kitabu cha kiada, wakaeleza kwa maneno yao wenyewe hoja iliyomo. Malalamiko haya si mapya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliyatambua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kilipounda kitengo cha stadi za mawasiliano ili kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kusoma, kuandika na kuchukua maelezo ya mhadhara kwa Kiingereza. Kuwapo kwa kitengo hicho ni ungamo la kitaasisi: chuo kikuu kililazimika kufundisha jambo ambalo miaka sita ya sekondari ilipaswa kuwa imelikamilisha.

Kati ya wakati huo na leo pameandikwa maandishi mengi ya kuishauri Serikali. Kuna ripoti za tume, tathmini za wataalamu wa nje, mipango ya maendeleo, na katika miaka ya karibuni zaidi kuna vijitabu vifupi viitwavyo muhtasari wa sera, ambavyo kwa kurasa chache hueleza tatizo, hutoa ushahidi na kupendekeza hatua. Mhadhara huu unayachunguza baadhi ya maandishi hayo kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Maswali yake ni mawili: maandishi hayo yalisema nini kuhusu lugha ya kufundishia, na yenyewe yaliandikwa kwa lugha gani, yaani yalikusudiwa kusomwa na nani. Swali la pili huulizwa kwa nadra.

Maandalizi kwa ajili ya nini?

Neno "maandalizi" halina budi kuchunguzwa kwanza. Katika Elimu ya Kujitegemea, maandishi aliyoyatoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi Machi 1967, elimu ya msingi inakataliwa waziwazi kuwa ngazi ya kupandia sekondari. Shule ya msingi ilitakiwa iwe elimu kamili kwa mtoto atakayebaki kijijini, kwa kuwa watoto wengi mno wangebaki huko. Uamuzi wa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, uliochukuliwa mwaka huohuo, ulikwenda sambamba na fikra hiyo. Mtoto angejifunza hesabu, sayansi na siasa kwa lugha atakayoitumia maisha yake yote. Wale wachache sana waliochaguliwa kwenda sekondari wangekutana na Kiingereza huko, na kwa uchache wao, kwa ukali wa mchujo uliowateua, na kwa kuwa wengi wao waliishi bwenini wakifundishwa na walimu waliokimudu Kiingereza, ilidhaniwa wangevuka.

Mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Kasoro yake haikuonekana mpaka idadi ya wavukaji ilipobadilika. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na ujenzi wa shule za kata ulioambatana nao, wanafunzi wa sekondari waliongezeka kutoka kiasi cha 430,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.4 mwaka 2009. Ada ya sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne ilipoondolewa tangu Januari 2016, wimbi likazidi. Kizingiti kilichowekwa kwa ajili ya wachache sasa kilipaswa kuvukwa na umma, katika shule za kutwa, mara nyingi na walimu ambao nao walikivuka kwa shida.

Tume na tathmini

Mwaka 1980 Rais aliunda Tume ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Tume hiyo ilizunguka nchi nzima na kuwasilisha ripoti mwaka 1982. Kuhusu lugha, pendekezo lake lilikuwa na tarehe, jambo ambalo ni adimu katika maandishi ya aina hii: Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 1985, na kiendelee kupanda darasa baada ya darasa hadi kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1983 habari za mageuzi hayo zilikwisha kutangazwa magazetini. Lakini Serikali ilipotoa mapendekezo iliyoyakubali mwaka 1984, tarehe hizo hazikuwamo, na badala yake ilielezwa kwamba lugha zote mbili ziimarishwe. Mwaka huo Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Kauli hiyo ilitoka kwa mtu aliyekwisha kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, na aliyejua vizuri kuliko wengi mambo ambayo lugha hii inayaweza. Ndiyo sababu iliwapa watetezi wa Kiingereza nguvu ambayo takwimu zisingewapa.

Takwimu zenyewe zilikuwa tayari. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu. Waliona kwamba takribani nusu ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa hawakuwa wakipata chochote cha maana, au walipata kidogo sana, katika masomo mengine yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Ni kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa, wasiofika asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi miongoni mwa vile vilivyohitajika katika masomo yao.

Msomaji anayefika hapo hutarajia hitimisho moja. Ripoti ilipendekeza jingine: Kiingereza kibaki, na ufundishaji wake uimarishwe. Matokeo yake yalikuwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliogharimiwa na Serikali ya Uingereza kuanzia katikati ya miaka ya 1980, ukaleta vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa na mafunzo kwa walimu. Msaada huo ulitolewa kwa kuzingatia kwamba Kiingereza kingeendelea kufundishia sekondari. Haifai kuwadharau waliofanya kazi hiyo, kwa kuwa vitabu vya hadithi viliwafaa watoto wengi. Linalopaswa kuonekana ni jinsi ushahidi na pendekezo vinavyoweza kukaa ndani ya jalada moja bila kimoja kutokana na kingine. Kasoro hiyo imerithiwa na mihutasari mingi ya sera iliyofuata, ambayo huonesha kwa ukurasa mzima kwamba mwanafunzi haelewi lugha anayofundishiwa, kisha hupendekeza madawati, maabara na semina za walimu.

Wenzo darasani

Ili uzito wa jambo hili usipotee katika asilimia, inafaa kufuata dhana moja kutoka darasa hadi darasa. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa sayansi ya mashine rahisi kwa Kiswahili. Anajifunza kwamba wenzo una egemeo, mzigo na jitihada. Anajua kwamba mtarimbo unaong'oa jiwe, mkasi na toroli ni nyenzo, na anaweza kubishana na mwenzake kuhusu mahali egemeo lilipo. Hajafundishwa neno tupu. Amefundishwa uhusiano, na uhusiano huo anao kichwani.

Miezi michache baadaye yumo Kidato cha Kwanza. Somo la fizikia linamfikisha tena kwenye wenzo, lakini maneno yote manne yamebadilika, pamoja na sentensi iliyoyashika. Kwa wiki chache za mwanzo anapewa kozi ya kumzoesha Kiingereza, kisha masomo yote yanaanza kwa kasi kamili. Watafiti walioketi katika madarasa hayo, akiwamo Martha Qorro, Zaline Roy-Campbell, Casmir Rubagumya na Mwajuma Vuzo, wameeleza hali inayofanana. Mwalimu huanza kwa Kiingereza. Akiona nyuso zimeganda, hubadili msimbo na kueleza kwa Kiswahili. Darasa linachangamka, maswali yanaulizwa. Kisha mwalimu huandika ubaoni maelezo ya Kiingereza, na wanafunzi wanayanakili. Uelewa wao umo katika Kiswahili, ilhali daftari linalowaandaa kwa mtihani limejaa Kiingereza. Mtihani utakapofika, utauliza yaliyomo katika daftari, kwa lugha ya daftari.

Mwanafunzi mwerevu hugundua mapema kwamba njia ya kufaulu ni kukariri daftari. Wapo wanaokariri vizuri sana. Hao ndio hufika chuo kikuu, na hapo ndipo mhadhiri anaposhangaa kwamba kijana mwenye alama za juu hawezi kutoa hoja. Kusema kweli, hakuna la kushangaza. Kijana huyo amefanya kwa miaka sita kile hasa ambacho mfumo ulimtuza kwa kukifanya. Ugumu wake chuoni hautokani na uvivu wala upungufu wa akili, na kozi ya stadi za mawasiliano ya saa chache kwa wiki haiwezi kumrudishia mabishano ya egemeo na mzigo aliyoyaacha shule ya msingi.

Ushauri unaosomeka na usiosomeka

Tume ya Makweta iliandika kwa Kiswahili. Tathmini ya Criper na Dodd iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyokuwa nyaraka nyingi za miradi ya wafadhili iliyofuata. Tofauti hii ina athari kwa mjadala. Mzazi, mwalimu wa shule ya msingi au diwani aliweza, ikiwa aliipata ripoti ya Tume, kuisoma na kuipinga. Nyaraka za pili hakuweza. Mjadala kuhusu iwapo mtoto wake anaelewa lugha ya darasani uliendeshwa katika lugha ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Hali hii ilianza kubadilika katika miaka ya 2000. Shirika la HakiElimu, lililoanzishwa mwaka 2001, lilichapisha vijitabu vya Kiswahili chepesi vyenye katuni, na likatumia redio na televisheni kuuliza maswali ya sera mbele ya umma. Nguvu ya Kiswahili hicho ilidhihirika mwaka 2005, pale Wizara ilipolipiga marufuku shirika hilo kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Ripoti za Kiingereza zenye lawama kali zaidi zilikuwa zimepita bila kelele. Mvutano huo ulichukua muda mrefu kumalizika.

Uwezo, tathmini iliyoanza kupima watoto nyumbani kwao mwaka 2010, ilikwenda mbali zaidi. Mpimaji alimpa mtoto hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili, na mzazi akaelezwa matokeo papo hapo. Ripoti ya kwanza ilionesha kwamba takribani watoto watatu tu kati ya kumi wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho, na kwamba mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza elimu ya msingi hakuweza. Kwa Kiingereza, kiasi cha nusu ya wahitimu hao hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango hichohicho.

Matokeo haya yanawabana watetezi wa pande zote mbili. Wanaotaka Kiingereza wanapaswa kueleza namna mtoto asiyeweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili atakavyosoma kitabu cha kemia miezi michache baadaye. Wanaotaka Kiswahili nao hawawezi kuendelea kusema kwamba lugha peke yake itatibu kila kitu, maana hapa Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na bado mtoto mmoja kati ya watano hajui kukisoma. Mkazo wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili uliotolewa mwaka 2015 ulitokana kwa sehemu na mshtuko huu, na huenda ndio mfano mzuri kuliko yote wa ushauri uliosomwa na watu wengi ukazaa hatua inayolingana na ushahidi wake.

Mwaka 2012 na tiba ya madaraja

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionesha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa kwa mara ya pili. Mwaka huohuo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Kisha upangaji wa madaraja ukabadilishwa: mfumo wa wastani wa alama ukatumika katika matokeo ya mwaka 2014 na 2015, na mwaka 2016 madaraja ya zamani yakarejeshwa. Katika mtikisiko wote huo, lugha ya karatasi za mtihani haikuguswa. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutekeleza sera wala haliitungi. Lakini mwalimu wa shule ya kata huijua sera kwa kupitia karatasi ya mtihani, na hadi karatasi hiyo ibadilike, waraka wowote mwingine kwake ni habari ya mbali.

Aya mbili zinazofuatana

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi mpango maalumu wa kuwezesha Kiswahili kufundishia ngazi zote. Miaka 17 baadaye, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote za elimu. Watetezi wa lugha walishangilia. Wachache waliendelea kusoma tamko lililofuata mara baada ya hilo, lililosema kwamba Serikali itaendelea kuimarisha matumizi ya Kiingereza katika kufundishia na kujifunzia, nayo katika ngazi zote. Mwanafunzi wa pragmatiki angeweza kuandika tasnifu nzima kuhusu matamko hayo mawili: kila moja likisomwa peke yake linatoa ahadi, na yakisomwa pamoja yanaiacha hali kama ilivyo. Toleo la sera hiyo la mwaka 2023, lililozinduliwa mwezi Februari 2025, liliondoa utata huo kwa kubakiza Kiswahili katika shule ya msingi na Kiingereza katika sekondari, huku ufundishaji wa Kiingereza kama somo ukianzia Darasa la Kwanza.

Hoja inayorudiwa mara nyingi kutetea mpangilio huo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu lake limo ndani ya chuo kikuu chenyewe. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu kuanzishwa kwake mwaka 1970. Fonimu, mofimu, kiima, kiarifu na ngeli hazikusubiriwa zikamilike ndipo mihadhara ianze. Zilitumika, zikapingwa, nyingine zikaachwa, na zilizobaki zikasanifiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha mwaka 1990 kamusi sanifu ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Tofauti ni kwamba hakuna darasa la sekondari lililoruhusiwa kuzitumia katika mtihani, na istilahi isiyotumika haina mahali pa kusahihishiwa. Nje ya chuo, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ilhali mwanasheria anayetarajiwa kuitumikia mahakama hiyo aliandaliwa kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza.

Upinzani wenye uzito zaidi ni ule wa wazazi. Mzazi anayejinyima ili amlipie mtoto ada katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiingereza hafanyi hivyo kwa kasumba tupu, kama inavyosemwa wakati mwingine katika makongamano. Ameona kwamba mtihani wa Kidato cha Nne, usaili wa kazi na mihadhara ya chuo vyote viko kwa Kiingereza, na anamwandalia mtoto wake dunia anayoiona. Muhtasari wa sera usiomjibu mzazi huyu, ukamwonesha kwa mfano kwamba Kiingereza kinaweza kufundishwa vizuri kama somo bila kubebeshwa fizikia na jiografia, hautabadili uamuzi wake.

Mwaka 2027

Mtaala mpya ulianza kutekelezwa Januari 2024, pamoja na mengine, katika Darasa la Tatu. Kwa mpango huo, watoto hao watamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita mwaka 2027, wakati mmoja na watoto wa Darasa la Saba wa mtaala wa zamani, na makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza Januari 2028. Katika shule za Serikali zinazofundisha kwa Kiswahili, watoto wa Darasa la Saba watakuwa wamejifunza Kiingereza kama somo kwa miaka mitano, tangu Darasa la Tatu. Wenzao wa Darasa la Sita nao walianza somo hilo Darasa la Tatu, kwa kuwa mwaka 2022 walipoingia Darasa la Kwanza utaratibu mpya haukuwapo. Watakuwa nacho miaka minne. Wataketi katika madarasa yaleyale, mbele ya mwalimu yuleyule wa fizikia, na watapewa kitabu kilekile.